Zamu ya Kitinda

Mwanamke aliyekufa hana kasoro. Hakoromi, hanuni, haunguzi mboga, wala hanenepi. Ukimpenda mwanaume aliyefiwa na mke, ujue unashindana na mtu ambaye hatakosea tena mpaka kiama. Mimi hilo nililijua, sikudanganywa na mtu. Na bado asubuhi ile niliamka mapema, nikajipaka mafuta mazuri, nikafunga kitambaa changu cha sherehe, nikaenda kwa miguu yangu mwenyewe kumenya matufaha kwenye nyumba ya marehemu. Njiani nilikuwa naomba dua moja tu, na sitaificha: yule mwanamke asahaulike.

Mwanaume mwenyewe ni mpaka rangi, na sote tunamwita Rangi. Alikuja kunipakia kuta za saluni. Kazi ya siku mbili ikamchukua wiki, mpaka wateja wangu wakawa wanakohoa kila akiingia. "Msusi," wakaniambia, "ukuta huu utanenepa kwa rangi kabla huyu kaka hajasema alilonalo." Alilisema siku ya mwisho, akiwa amenipa mgongo, anasafisha brashi. "Nikimaliza hapa sitakuwa na sababu ya kuja," alisema. Nikamwambia hata dari limechakaa. Mambo yakaanzia hapo.

Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Kwao ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa, kitindamimba, na nyumba nzima ilizoea kumwita Kitinda. Baada ya mazishi Rangi hakuondoka kwa mama mkwe wake. Yeye hana mama, na yule mama hana mtoto wa kiume, wakabaki hivyo hivyo, kila mmoja amemshikilia mwenzake. Watu walisema mengi. Mimi nilimpenda zaidi kwa hilo, na baadaye hilo hilo likaanza kuninyima usingizi.

"Siku ya matufaha uje," aliniambia. "Mama akikuita kwenye mwiko, basi. Wiki inayofuata naleta wazee kwa baba yako."

"Asiponiita?"

Akatazama vidole vyake. "Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Siwezi kuoa juu ya machozi ya mama yule. Nakupenda, unajua nakupenda. Lakini siwezi."

Basi ndivyo nilivyokwenda, mwanamke mzima mwenye saluni yake, kupimwa kwenye sufuria.

Nyuma ya jiko lao kuna mti mmoja wa tufaha. Matunda yake ni madogo, yana makovu, na uchachu wake unakufumbisha macho. Hayaliwi mabichi. Kila mwaka yakiiva yanachumwa yote, yanamenywa, yanapikwa rojo zito lenye sukari na mdalasini, linatiwa kwenye chupa za mdomo mpana, na ndilo la kupaka mkate mpaka mti uzae tena. Rangi aliwahi kuniletea chupa moja. Nikaonja, nikacheka, nikamwambia, "Aliyepika hili alikuwa na simu mkononi. Limeshika chini." Rangi hakucheka. Alichukua kifuniko, akaifunga ile chupa taratibu, na jioni ile yote hakuniambia neno. Nikadhani nimemtukania mama mkwe.

Jikoni tulikuwa watano. Mama, mwenye nyumba, mwembamba, mgongo umenyooka, kisu kidogo mkononi. Binti yake wa kwanza, mkunga, ambaye wote wanamwita Dada Mkubwa. Mume wa Dada Mkubwa, Mwalimu, mtu asiyejua kunyamaza. Rangi, kwenye karai, akiosha matunda. Na mimi, niliyepewa kigoda, beseni na kisu kisicho na makali, nikajua hata kisu ni mtihani.

"Maganda membamba, mwanangu," Mama akaniambia bila kuniangalia. "Tunamenya tufaha, hatuchongi kinyago."

"Ndiyo, mama."

"Mbona ana mkono mwepesi, mama," Mwalimu akadakia. "Angalia. Huyu shemeji yangu..."

Dada Mkubwa akamkanyaga mguu. "Shemeji kwa nani? Menya."

"Nimeteleza. Ulimi hauna mfupa."

Akanikonyeza, nikacheka kidogo, na nikashukuru kwamba nyumba ile ina angalau mtu mmoja anayepumua. Rangi akainua macho. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama kupitia kioo cha saluni, nikihisi mikono yangu imepata haya, na moyo wangu ukatulia. Halafu macho yake yakanipita, yakaenda pembeni ya dirisha, yakabaki huko.

Pembeni ya dirisha hapakuwa na mtu. Ndipo nikatambua kitu: wote tumebanana upande mmoja wa meza, viwiko vinagongana, na ile sehemu ya dirishani, penye mwanga na hewa, pazuri kuliko pote jikoni, iko tupu. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na kikombe kimoja kimeoshwa, kimefunikwa. Mimi nilihitaji mwanga. Nikainuka na beseni langu, nikaenda kusimama pale.

Kisu cha Mama kikasimama.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema, kwa upole kabisa. "Unamziba."

"Namziba nani, mama?"

Hata Mwalimu aliinamia beseni lake. Nikahisi ubaridi kwenye kisogo. Visogo ndiyo kazi yangu. Najua mtu akisisimka kwa upepo wa mlangoni, na najua akisisimka kwa kitu kingine. Nikasogea.

"Njoo unisaidie kubeba chupa," Dada Mkubwa akaniambia.

Stoo yao ni nyembamba, ina rafu pande zote mbili. Rojo la miaka iliyopita lilikuwa limepangwa humo, chupa kwa chupa, nyingi hazijafunguliwa, na rangi yake ilikuwa ya kahawia nzito kupita inavyotakiwa. Dada Mkubwa akaurudisha mlango nyuma yetu.

"Hukuambiwa," akasema.

"Niambiwe nini?"

"Na huyu shemeji naye! Atampeleka mtu mtoni bila kumwambia kuna mamba." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta chupa tupu. "Sheria ya rojo letu unaijua?"

"Kidogo."

"Mwenye mwiko ndiye mwenye neno. Ukiwa unakoroga unasema lililo moyoni mwako, na hakuna wa kukukatiza, hata Mama. Ukimaliza unamwita mwenzako, anakuja kuupokea mkononi mwako. Mwiko hauwekwi, maana rojo likiachwa kidogo tu linashika. Na mgeni anaitwa na Mama peke yake."

"Hayo Rangi aliniambia."

"Hakukuambia yaliyobaki. Mwaka aliokufa Kitinda, matufaha yaliiva kama kawaida, matunda hayajui msiba. Tukapika. Mama akakoroga, akasema lake, akaita, 'Kitinda!' Kwa mazoea tu, mdogo wangu. Alisahau."

Nikashika rafu. "Mkamwambia?"

"Wewe ungemwambia? Tulinyamaza. Na yeye akagundua alichosema, nilimwona usoni alivyogundua. Lakini hakutaka tujue. Akaulaza mwiko juu ya sufuria, akasubiri, akajifanya amekusudia. Rojo likashika. Mwaka uliofuata akamwita tena, na sasa ni desturi. Anamwita, tunanyamaza, linaungua, tunalitia kwenye chupa. Mama anasema kule kuungua ndiyo zamu ya Kitinda. Analila kila asubuhi."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunabeba chupa zetu, tunasema ahsante." Alifuta chupa ambayo ilikuwa imekauka tangu zamani. "Mama hakulia msibani, unajua? Alipokea wageni, akagawa chai, akafagia uwanja. Hajalia mpaka leo. Ndiyo maana tunaacha liungue."

Nikamuuliza lililokuwa linanila. "Na Rangi? Kitinda akiitwa, Rangi anafanyaje?"

Alinitazama kwa huruma, na mkunga akikutazama kwa huruma, jua mambo ni mazito. "Utaona mwenyewe," akasema.

Tulirudi, sufuria ikabandikwa. Matufaha yalikuwa yamelainika, yamepondwa, yamechujwa, na sasa sukari ilikuwa inayeyuka na mdalasini unapanda. Harufu ile ingekufanya useme nyumba hii ina furaha. Mama akashika mwiko.

"Mwaka huu magoti yameniuma, na mti umezaa," akasema. "Mwalimu."

Mwalimu akaupokea. "Mimi mwaka huu nimeongezewa darasa, kiti sikuongezewa. Pili, kuna mtu nyumbani kwangu anasema nakoroma. Nakanusha mbele ya mashahidi. Mke wangu!"

"Anakoroma," Dada Mkubwa akasema, na tukacheka. Akauzungusha mwiko. "Mwaka huu mtoto mmoja alinifia mikononi. Sikumwambia mtu. Nawaambia." Mwalimu akaacha kucheka, akaweka mkono begani kwake, wala hakuuliza kitu, maana ndiyo sheria. "Shemeji."

Rangi akaupokea mwiko. Alikoroga kwa utaratibu, kama anavyopaka ukuta, kutoka juu kwenda chini, asiache sehemu. Niliitazama shingo yake na nikatamani kuigusa.

"Mwaka huu nimecheka," akasema. "Sikutegemea." Akageuka, akanitazama mbele yao wote, na uso wangu ukawaka. "Ni hilo tu. Mama."

Mama akaupokea. Wote tulijua sasa ndipo. Macho yake yakaja kwangu, yakaanzia kwenye kitambaa cha kichwa, yakashuka mpaka miguuni, yakapanda tena. Hayakuwa na ubaya. Nikajifuta mikono kwenye nguo, nikajikuta nimepiga nusu hatua mbele, na ile nusu hatua mpaka leo nikiikumbuka najifunika shuka.

"Kitinda," Mama akaita.

Aliita bila huzuni yoyote, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Akaulaza mwiko juu ya mdomo wa sufuria, akarudi nyuma. Dada Mkubwa akainamisha kichwa. Mwalimu akakunja mikono. Jiko lote likanyamaza, ikabaki sauti ya rojo tu, likipasua mapovu mazito, moja moja. Mvuke ulikuwa ukipanda wima, halafu, sijui nani alifungua nini, ukapinda wote kuelekea dirishani. Mlango wa kabati ukalia, ukajiachia kidogo. Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wamezoea.

Nikamgeukia Rangi, na heri nisingegeuka.

Alikuwa anatazama ile sehemu tupu ya dirishani kwa macho ambayo mimi sijawahi kupewa. Macho yote, bila kupepesa, mdomo umefunguka kidogo, uso umesogea mbele kama wa mtu anayeambiwa siri. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo anavyopenda huyu. Kumbe mimi napewa makombo. Mke mwenza aliye hai ningemvizia sokoni tukatukanana, yakaisha. Huyu ningemfanya nini? Machozi yakanijaa, nikageuza uso nisionekane, na hapo ndipo harufu ikanifikia.

Lilikuwa linaanza kushika.

Ile harufu unaijua. Kwanza ni utamu uliozidi, halafu kuna kitu cha moshi kinaingia chini yake. Niliwatazama wote wanne. Wote walikuwa wameisikia, pua zao zilisema, na wote walisimama. Tulikuwa tumemenya tangu asubuhi, vidole vimekunjamana kwa maji, na watu wazima wanne wanaangalia chakula kinaungua kwa adabu.

Sikuwaza. Ningewaza nisingefanya. Nilikwenda, nikanyakua mwiko, nikauzamisha mpaka chini, nikaanza kukoroga.

"Weka!" Mama akasema.

"Linaungua, mama."

"Weka mwiko huo! Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita. Lakini linaungua."

"Rangi!" Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Baba, mwondoe mtu wako. Mwondoe, anamnyang'anya mwenzake!"

"Achia," Rangi akaniambia, uso umempauka. "Tafadhali. Achia, tutaongea nje."

"Mama." Alikuwa Mwalimu. Sikujua kama mtu yule ana sauti ya chini. "Mama, ameshika mwiko. Mwenye mwiko ndiye mwenye neno. Ulituambia wewe."

Mama akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Rojo likishaanza kushika linakuwa zito chini, linauvuta mwiko, hilo najua, nimepika maisha yangu yote. Lakini nawaambia kama nilivyolihisi: palikuwa na uzito mwingine kwenye ule mwiko, kama kuna mkono wa pili juu ya wangu, haunisukumi wala hauniachii. Kisogo kilikuwa cha baridi. Nikasema na yeye, maana hapakuwa na mwingine wa kusema naye.

"Dada Kitinda," nikasema. "Hatukujuana. Mimi ni msusi. Nampenda mume wako. Asubuhi nilikuja hapa nakuombea usahaulike, na sasa nimesimama jikoni kwako naona aibu. Sikuja kuchukua zamu yako. Ila rojo lako linaungua, dada. Kila mwaka linaungua, watu wanalibeba kwa heshima hawalili, na mama yako anaamka kila asubuhi kula moshi. Sidhani kama ungekuwa hai ungesimama ukaangalia. Ungekuja mbio na matusi juu." Nikakwangua chini ya sufuria. "Ni hilo tu. Basi."

Sasa ilibidi nimwite mtu.

"Rangi," nikasema.

Hakusogea. Akamtazama Mama, na Mama akatazama sakafu.

"Usinifanyie hivi mbele yake," akasema kwa kunong'ona.

"Nimekuita."

"Unajua siwezi."

"Mkono unaniuma, Rangi. Nimekuita."

Nikaendelea kukoroga. Katika nyumba ile hapakuwahi kutokea mtu akaitwa kwenye mwiko asije, isipokuwa mmoja, na yule mmoja alikuwa na sababu. Nilikuwa nasema moyoni, akisimama hapo hapo, nitamaliza kukoroga hili rojo, nitanawa mikono, nitamuaga kila mtu kwa heshima, na sitarudi kwa mtu aliye hai nusu. Nilikuwa namaanisha. Nilishaanza kulia kwa ajili yake kabla hajanijibu.

Alikuja. Alikuja kama mtu anayetembea ndani ya maji. Mkono wake ukauchukua mwiko juu ya wangu, na hakunitazama.

Alikoroga kwa muda mrefu.

"Nimeisahau sauti yake," akasema.

Mama akainua kichwa.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa naisikia. Sasa siisikii. Kila mwaka mama akimwita, mnanyamaza, mnadhani namwona pale. Simwoni. Namtafuta. Natazama pale dirishani mpaka macho yanauma, naomba hata akohoe tu. Hakuna kitu." Sauti yake ilikuwa inavunjika vipande. "Ninakula lile lililoungua, mama, namtafuta humo ndani, naonja moshi tu. Niliogopa kukuambia. Nilijua ukigundua nimemsahau hutakuwa na haja na mimi, na mimi sina mama mwingine."

Kumbe dua yangu ilikuwa imejibiwa kabla sijaiomba. Yale macho niliyoyaonea wivu yalikuwa macho ya mtu anayepapasa gizani. Nilitegemea siku nikilisikia hilo nitafurahi, na nilikuwa nimesimama pale sina furaha hata chembe.

"Mama," Rangi akaita, akanyoosha mwiko.

Nilidhani hatakuja. Alikuja, akauchukua, akazungusha mara chache, mgongo umenyooka kama kawaida yake. Akachota kidogo, akapuliza, akaonja. Akaonja tena.

"Tamu," akasema, kama mtu anayetoa taarifa ya wizi.

Akauangalia mwiko, akaangalia dirishani.

"Halina mtu ndani yake." Akatutazama mmoja mmoja, akaja mpaka kwangu, kama mmoja wetu anaweza kuwa amemficha. "Hayumo humu. Nilikuwa namwonja kila asubuhi. Hayumo."

"Mama," Dada Mkubwa akasema.

"Mwanangu amekufa," Mama akasema.

Mwiko ukamtoka, ukagonga sakafu, rojo likaruka mpaka kwenye viatu vyangu. Dada Mkubwa akazima moto. Na yule mwanamke aliyegawa chai kwenye mazishi ya mtoto wake akakaa chini, hapo hapo jikoni kati ya maganda, akapiga yowe ambalo lilikuwa limesubiri miaka minne. Majirani walilisikia. Wawili wakaja mbio mlangoni wakauliza nani amefariki, na Mwalimu akatoka, akawajibu, "Kitinda." Wakatazamana, wakavua viatu.

Rangi alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia mama mkwe wake, kichwa chake begani kwake, wanalia kwa pamoja, maneno hayaeleweki. Sikuwa na mahali pa kushika. Nikaokota mwiko, nikauosha, nikachukua mkoba wangu. Nilifika mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Mama akaniuliza kutoka chini. Uso wake ulikuwa umelowa wote, umri wake wote umeutokea kwa mara moja.

"Nawaachia nafasi, mama. Hili ni lenu."

"Umeanzisha msiba, halafu unaondoka?"

"Nisamehe, mama."

"Sijakuambia uombe msamaha. Nimekuuliza unakwenda wapi." Akajifuta kwa kiganja. Akamgeukia Rangi, ambaye hakuthubutu kunitazama. "Wazee watakwenda kwa baba yake. Lakini si wiki ijayo. Wiki ijayo mimi nalia, na wewe unalia. Tutalia mpaka tumalize. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

"Na yeye akae. Aliyemtoa sufuriani atusaidie kumzika."

Nikaweka mkoba. Dada Mkubwa alisogeza beseni la maganda kwa mguu, ikapatikana nafasi sakafuni kati yake na wale majirani, upande wa dirisha. Nikakaa pale, na safari hii hakuna aliyesema namziba mtu. Nilikuwa nimekwenda nyumba ile kutafuta posa, nikakaa msibani. Mama akaanza kusimulia. Kitinda alivyokuwa akiiba vipande vya tufaha kwenye beseni, alivyokuwa akiogopa bata, alivyocheka siku Rangi alipokuja kuposa na doa la rangi sikioni. Rangi akasema, "Alicheka mpaka akapaliwa," kisha akanyamaza ghafla, akainua kichwa, kama mtu aliyesikia kicheko kwa mbali.

Nilimwona alivyokisikia. Nikalia, wala si kwa wivu, wala si kwa kumsaidia mtu. Nilimlilia yule mwanamke ambaye asubuhi nilikuwa nimeomba asahaulike.